Singo ni ya Bi Harusi, Mama Je? Historia ya Dawa za Ngozi Hedhi Inapokaribia Kukoma



Mara nyingi hapa tunazungumza na bi harusi: gauni, hina, singo, mapambo ya chumba. Leo bi harusi tunamuomba atuvumilie kidogo tuzungumze na mama yake. Lakini na wewe bi harusi usiondoke, kwani haya yatakufika na wewe umri ukifika, inshaallah.

Katika kazi yetu ya kushona, mama wa bi harusi tunamuona mara tatu: siku ya kuchukua vipimo, siku ya kujaribu, na siku ya kuja kuchukua nguo yake. Mwaka juzi tulimpokea mama mmoja, umri wake miaka 48, akiozesha binti yake wa kwanza. Siku ya vipimo alileta satini nzito ya rangi ya dhahabu, kitambaa cha bei. Siku ya kujaribu akatuomba tumtilie bitana ya pamba tupu, maana satini inamwasha mabegani kama sisimizi wanaomtembea chini ya ngozi, na jasho linamtoka ghafla hata feni ikiwa imemwelekea. Akataka na shingo tuipandishe mpaka kooni. Kidevuni na chini ya taya vilikuwa vimemtoka vipele kama msichana wa skuli, na mashavuni alikuwa na madoa ya rangi ya chai.

Bitana tukaitia. Kuhusu uso hatukumuuliza, tuliona haya. Siku ya tatu hakuja mwenyewe, alimtuma mdogo wake. Tulikuja kuelewa usiku wa harusi. Alikaa nyuma kabisa, mtandio umemfunika mpaka puani, katika ukumbi wa wanawake watupu ambamo kila mtu kajifunua na kajipamba. Wiki mbili kabla ya hapo alinunua kikopo kisicho na jina wala maandishi, kwa mtu aliyemwambia ni krimu ya maharusi. Akapaka asubuhi na usiku. Uso ukawa mwekundu, ukachanika, ukatoa maji. Picha na binti yake ya usiku ule hana hata moja.

Na binti mwenyewe siku hizo alikuwa ndani anasingwa. Asumini, waridi, mrehani, liwa, karafuu, vyote vimesagwa na kurowekwa kwa marashi, na somo wake anamsugua asubuhi na jioni. Nyumba nzima inanukia. Hakuna aliyefikiria kuchota kiganja kimoja akampelekea mama.

Tangu siku ile tukaanza kuuliza na kusoma. Kumbe ngozi ya mwanamke wa umri ule ina historia yake, na kile kikopo kina historia yake pia, na historia hizo mbili zimekutana njiani zaidi ya mara moja.

Tuanze na jina. Qur'ani imewataja wanawake waliokoma hedhi katika Suratut-Talaq, pale inapoelezwa kuwa eda yao ni miezi mitatu. Imewataja kama ilivyowataja wanawake wengine, bila ya kuwafanya wagonjwa. Katika Kiarabu umri huu umezoeleka kuitwa sinn al-ya's, yaani umri wa kukata tamaa, na siku hizi wapo Waarabu wanaopenda zaidi kusema sinn al-amal, umri wa matumaini. Neno menopozi walilo nalo madaktari wa dunia nzima lilitungwa na daktari wa Kifaransa, Charles de Gardanne, mwaka 1821. Huko Ulaya katika karne ile mwanamke aliyelalamikia joto, jasho na mwasho aliweza kuwekewa ruba wamnyonye damu, au akapewa afyuni alale. Kwa ngozi yake hasa hapakuwa na la maana.

Kinachotokea mwilini kilikuja kueleweka baadaye sana. Wanawake wengi hedhi inakoma kati ya miaka 45 na 55, na daktari hasemi imekoma mpaka upite mwaka mzima bila ya damu. Lakini kabla ya hapo kuna miaka ya mpito, ambayo inaweza kuanza hata kabla ya miaka 45. Estrojeni, ile homoni ya kike, inapanda leo na kushuka kesho, kisha inashuka moja kwa moja. Kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo, na hizo zinapungua polepole zaidi, kwa hiyo sauti yao ndiyo inayosikika. Ndipo vinakuja vipele vya kidevuni kwa mtu mwenye wajukuu, na vinywele vigumu vya chini ya kidevu. Mafuta ya ngozi yanapungua, ngozi inakauka na kuwasha. Na madoa yale ya mashavuni yanaletwa na jua pamoja na homoni, ndiyo maana wengine waliyapata wakati wa mimba au walipokuwa wakitumia vidonge vya uzazi, na sasa yanarudi.

Watu wa kwanza kutaka kuitibu hali hii kwa homoni walikuwa hawajui hata homoni ni nini. Katika miaka ya 1890 wataalamu wa Ulaya walichukua ovari za ng'ombe, wakazikausha, wakazisaga unga na kuwapa wanawake wameze. Mwaka 1929 ndipo estrojeni ya kwanza ilipotengwa ikawa safi, na Edward Doisy wa Marekani na Adolf Butenandt wa Ujerumani, kila mmoja kwake. Waliipata katika mkojo wa wanawake wajawazito. Haukupita muda mrefu, makampuni ya vipodozi ya Marekani yakaanza kuuza krimu za uso zenye estrojeni. Mwanamke aliambiwa ujana umo ndani ya chupa. Tunafanya biashara na sisi, tunajua maneno ya kuuzia, na tukisoma historia hii tunayatambua pale pale: kwanza mtie mteja hofu, kisha mtolee kopo.

Mwaka 1942 Marekani ikaruhusu kidonge cha Premarin. Hapa wasomaji wetu watataka kusikia vizuri. Jina hilo limekatwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkojo wa farasi jike mwenye mimba, na ndimo homoni zake zinamotoka mpaka leo. Suala la dawa yenye asili ya najisi lina maneno yake kwa maulamaa, wanazungumzia dharura na wanazungumzia kitu kubadilika dhati yake, na sisi mafundi cherehani hatutoi fatwa. Mwenye shaka amuulize sheikh wake. Tunachoweza kusema ni kuwa siku hizi ziko estrojeni zinazotengenezwa kutokana na mimea, viazi vikuu vya mwituni na soya, na daktari ukimwambia wasiwasi wako anaweza kukuandikia hiyo.

Kisha akaja Robert Wilson, daktari wa wanawake wa New York. Mwaka 1966 alitoa kitabu chake Feminine Forever, kikauzwa nakala 100,000 ndani ya miezi saba. Wilson alidai kuwa kukoma hedhi ni maradhi, ni upungufu kama ule wa mtu aliyekosa insulini, na kwamba mwanamke asiyemeza estrojeni anakauka, anaharibika, mume anamkimbia. Wanawake kwa mamilioni wakaandikiwa vidonge. Miaka mingi baadaye mtoto wake mwenyewe alieleza kuwa kampuni iliyokuwa ikiuza kidonge ndiyo iliyolipia kitabu. Hasira yetu kwa Wilson si kwa sababu ya dawa, maana dawa yenyewe ina kazi yake. Ni kwa yale aliyoyapanda, kwamba mke wa miaka 50 anapaswa kuogopa kuachwa kwa ajili ya mikunjo. Mbegu hiyo imeota mpaka kwetu. Mama wa satini ya dhahabu hakununua kikopo kwa kupenda weupe. Alituambia baadaye kuwa alisikia watu wakimlinganisha na mke mwenzake.

Mwezi Disemba 1975 tafiti mbili zilichapishwa pamoja nchini Marekani: wanawake waliomeza estrojeni peke yake walikuwa wakipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi kuliko wenzao. Madaktari wakajifunza kuiongezea homoni ya pili, projestini, kwa kila mwanamke ambaye bado ana mfuko wake.

Katikati ya zogo hilo kulikuwa na watu waliokuwa wakiitazama ngozi yenyewe kwa utulivu. Mwaka 1941 daktari Fuller Albright wa Boston alikuwa ameona kuwa wanawake ambao mifupa yao imedhoofika baada ya kukoma hedhi wana ngozi nyembamba pia. Mwaka 1963 madaktari wa Uingereza wakaandika habari za ngozi inayoonyesha ndani, kama ile ya juu ya mkono wa bibi ambapo mishipa unaihesabu, na wakaihusisha na mifupa hiyo hiyo. Lakini aliyetupatia hesabu ni mtu wa kisiwani mwenzetu, Mark Brincat wa Malta, alipokuwa London akifanya kazi pamoja na daktari John Studd. Walikata vijinyama vidogo vya ngozi za wanawake waliokoma hedhi wakapima kolajeni iliyomo.

Kolajeni tuieleze kwa lugha ya dukani. Kitambaa kina nyuzi za kulala na nyuzi za kusimama, na hizo ndizo zinazokifanya kisimame mwilini kisilegee. Kolajeni ndiyo nyuzi za ngozi. Brincat na wenzake walikuta kuwa ndani ya miaka mitano ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, ngozi inaweza kupoteza mpaka asilimia 30 ya nyuzi zake, kisha inaendelea kupoteza kama asilimia 2 kila mwaka. Katika makala yao ya mwaka 1983, wanawake waliopandikiziwa homoni walikuwa na kolajeni asilimia 48 zaidi ya wasiopata. Hesabu hiyo ilitugusa. Mama anapolalamika kuwa nguo ile ile aliyoivaa mwaka jana sasa inamkwaruza, wengine husema anadeka. Hadeki. Ngozi iliyo chini ya nguo imepungua unene.

Basi homoni ni dawa ya mikunjo? Hapa historia ikageuka. Mwezi Julai 2002 utafiti mkubwa wa serikali ya Marekani, uliokuwa na wanawake 16,608 katika kundi la homoni mbili, ulisimamishwa kabla ya wakati. Saratani ya matiti ilikuwa imezidi: wanawake 38 kwa mwaka katika kila 10,000 waliokuwa wakimeza homoni, na 30 kwa wasiomeza. Matatizo ya moyo na kiharusi nayo yaliongezeka. Wanawake duniani wakatupa vidonge. Baadaye wataalamu wakatulia, wakaona kuwa wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, na kwamba kwa anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka kumi tangu hedhi kukoma, hatari ni ndogo zaidi. Leo daktari anawapa homoni wanaoteseka na joto, jasho, kukosa usingizi na ukavu wa sehemu za siri, baada ya kuuliza habari za saratani, damu kuganda na ini. Hawapi kwa ajili ya uso. Na hata uso wenyewe, mwaka 2008 utafiti wa wanawake 485 waliotumia homoni za kiwango kidogo kwa wiki 48 haukuona tofauti katika mikunjo. Mwingine wa mwaka 2016, wa miaka minne, nao haukuona, ila uliona jambo moja la kufurahisha: wanawake weusi walikuwa na mikunjo michache zaidi kuliko wazungu, homoni au bila homoni. Alhamdulillah. Sisi shida yetu kubwa ni madoa, na ndiyo njia aliyoingilia mwenye kikopo.

Habari ya kikopo inaanzia mahali ambapo hatukutarajia, katika kiwanda cha ngozi za wanyama. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Marekani, wafanyakazi weusi wa kiwanda hicho walianza kupata mabaka meupe mikononi, mpaka pale glavu zao za mpira zilipokomea. Walipochunguza, wakakuta ndani ya mpira kuna kemikali ya ukoo wa haidrokwinoni. Kilichokuwa ajali ya kazini, watu wengine walikiona kuwa ni biashara, na haidrokwinoni ikaingia katika krimu za kung'arisha ngozi. Mwaka 1975 daktari wa Afrika ya Kusini, Findlay, alieleza alichokiona kwa wanawake waliozipaka muda mrefu: nyuso zimekuwa na weusi wa bluu kama jivu, ngozi ngumu yenye vipunje, na weusi huo hautoki. Mwaka 1990 Afrika ya Kusini ikaipiga marufuku katika vipodozi.

Zebaki nayo ilikuwa imetangulia. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la tiba la Uingereza kuhusu watu wazima waliovimba mwili kwa maradhi ya figo, na miongoni mwa wanawake wengi walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Nchi za Ulaya zilikataza zebaki katika vipodozi vyao mwaka 1976, lakini viwanda vya huko viliendelea kutengeneza sabuni za zebaki za kuleta Afrika. Hilo lisomeni mara mbili. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ndio uliokuja kuziwekea vipodozi vya zebaki mwisho wa kutengenezwa na kuuzwa, mwaka 2020. Bado zimo sokoni.

Na mwaka huo huo wa 1975, Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichapisha na mwenzake mchanganyiko wa kutibu madoa: haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1 na steroidi asilimia 0.1. Mchanganyiko huo ni dawa kweli. Madaktari wa ngozi wanautumia mpaka leo kwa madoa sugu ya mashavuni, kwa wiki chache, kwa kipimo, na macho ya daktari yakiwa juu ya mgonjwa. Sasa mkumbuke mkorogo wetu. Watu wanachanganya krimu ya haidrokwinoni, mrija wa steroidi kali na chochote kingine kilichopo, bila ya mizani, wanatia ndani ya kikopo cheupe. Ni ndugu wa mchanganyiko wa Kligman asiyekwenda skuli. Steroidi inamfanya mtu ang'are siku za mwanzo, anafurahi, anamwambia na jirani. Akiacha, uso unawaka moto, hivyo anarudi kupaka. Na kwa mama ambaye ngozi yake tayari imeanza kupoteza nyuzi, steroidi inazidi kuipunguza.

Tretinoini peke yake ina kisa chake, na hatuwezi kukipita. Inatokana na vitamini A, na iliruhusiwa kwa chunusi mwaka 1971. Wanawake wa makamo waliokuja kwa Kligman kutibiwa chunusi wakaanza kumwambia kuwa hata mikunjo imelainika. Mwanzo hakuwasadiki. Mwaka 1988 daktari John Voorhees wa Michigan akachapisha majaribio kwa watu 30, na 1995 Marekani ikaruhusu krimu ya tretinoini kwa ajili ya mikunjo myembamba na madoa ya jua. Miongoni mwa dawa zote za kupaka za ngozi inayozeeka, hakuna yenye ushahidi mrefu kama huu. Lakini Kligman alifanya majaribio yake mengi tangu 1951 mpaka 1974 ndani ya gereza la Holmesburg, Philadelphia, juu ya migongo ya wafungwa, wengi wao weusi, waliolipwa vijisenti na hawakuelezwa vya kutosha walichokuwa wakipakwa. Chuo kiliomba radhi mwaka 2021, na mji wa Philadelphia mwaka 2022. Sisi tunaambiwa krimu hizi ni anasa za wazungu. Zimepita kwanza juu ya ngozi zinazofanana na zetu.

Tulipompeleka yule mama kwa daktari wa ngozi, baada ya harusi, jambo la kwanza aliloambiwa ni kuacha kila kitu. Kila kitu kabisa: krimu, sabuni ya kusugua, liwa, manukato ya usoni. Maji ya kawaida na mafuta mazito ya mgando tu, mpaka ngozi ijifunge. Nini kilikuwa ndani ya kikopo hakuna aliyejua, ndiyo ubaya wa kitu kisicho na maandishi. Akapimwa na figo, alhamdulillah zilikuwa salama. Ilichukua miezi.

Ngozi ilipopona daktari alimwandikia asidi ya azelaiki. Dawa hii tumeipenda kwa hadithi yake. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Roma, Marcella Nazzaro-Porro na Siro Passi, walikuwa wakichunguza utangotango, yale madoa meupe yanayowatoka watu mgongoni na shingoni wakati wa joto. Walitaka kujua kuvu wake anaipaushaje ngozi. Wakakuta anatengeneza asidi inayozuia rangi isizidi, na baadaye ikaonekana kuwa inaponya na chunusi. Mwanamke wa miaka ya mpito mara nyingi ana vyote viwili kwa pamoja, vipele na madoa, na dawa hii inashika huku na huku bila ya kuikausha ngozi kama nyingine. Inawasha kidogo siku za mwanzo. Inataka miezi mitatu au minne, na hapo ndipo wengi wanapochoka wakarudi kwa mwenye kikopo.

Baadaye kidogo akaongezewa tretinoini ya nguvu ndogo, usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku mmoja paka, usiku wa pili pumzika. Daktari alimuuliza kwanza kama anaweza kushika mimba. Mama akacheka, akasema yeye bibi mtarajiwa. Daktari hakucheka. Hedhi inayokuja na kupotea bado ni hedhi, mimba inawezekana, na tretinoini haipakwi na mwenye mimba wala anayeitafuta.

Na jua. Tunaishi chini ya jua la ikweta, tunajifunika buibui, tukadhani tumemaliza. Uso uko nje, tunakwenda sokoni saa sita, tunaanika nguo, tunakaa barazani. Madoa ya homoni yanaamshwa na jua na hata na mwanga wa kawaida, ndiyo maana krimu ya kujikinga na jua iliyotiwa rangi ya ngozi, yenye oksidi ya chuma, inafanya kazi zaidi kwa madoa kuliko ile nyeupe. Bila ya hiyo dawa nyingine zote unazitwanga kwenye maji. Gharama yake tunaijua. Mwavuli ni rahisi zaidi, nao unasaidia.

Kwa mwili, bibi zetu hawakukosea. Mwaka 2004 madaktari wa Ufilipino, watu wa visiwa na minazi kama sisi, walilinganisha mafuta safi ya nazi na mafuta ya madini kwa watu 34 wenye ngozi kavu, na yote mawili yakalainisha sawasawa. Yapake mwili ungali na unyevu baada ya kuoga, maji yasiwe ya moto. Uso wenye vipele usiyapake, yanaziba.

Lililotusumbua lilikuwa singo. Mama alitaka na yeye asingwe, safari hii kwa binti wa pili, na tukaogopa. Karafuu ina mafuta makali ambayo baadhi ya ngozi zinayakataa, na ngozi iliyopungua inayahisi zaidi. Kusugua kwa nguvu mpaka nongo zitoke kunamfaa binti wa miaka 22, kwa mama ni kukwangua. Tukazungumza na somo, mtu mzima mwenye kazi yake miaka mingi, kwanza akaona tunamfundisha. Kisha akasema hata yeye tangu hedhi ikome karafuu inamchoma, ila hajamwambia mtu.

Akatengeneza bakuli la pembeni: liwa iliyosagwa laini, waridi, asumini, mafuta ya nazi, bila ya karafuu, bila ya kitu cha kukwaruza. Akalijaribu kwanza kwa mama ndani ya kiwiko, wakangoja siku mbili. Mwili tu, uso akauacha kwa daktari.

Harusi ya binti wa pili ni mwezi ujao, inshaallah. Kitambaa cha mama tumeshakipokea, pamba tupu ya rangi ya zambarau, na shingo ametaka ya wazi.